Mama ametuma jani kwenye kopo

Konda wa basi la Newala aliingia dukani kwangu saa tatu asubuhi, akaweka kopo la Blue Band juu ya meza katikati ya bodi mbili za simu nilizokuwa nimezifungua, akasema, “Mzigo wako, kutoka kwa bimkubwa.” Nikadhani ni ming'oko. Nilipofungua nikakuta jani moja la muhogo, bichi, limeviringishwa kwenye karatasi ya daftari. Maelezo hakuna. Nikapiga simu.

“Shikamoo Mama. Hili jani?”

“Marahaba. Lipime.”

“Nilipime na nini?”

“Si ulisema kuna kidude cha umeme kinajua muhogo unaoumwa? Na wewe si ndiye fundi?”

Kosa ni langu. Siku ya Idi, baada ya pilau, nilimsimulia kuhusu vihisi vya nanotyubu za kaboni: mirija myembamba mno inayopitisha umeme, na kinasaba cha kirusi kikinasa hapo, umeme unabadilika. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo usiku wa kuamkia sikukuu na ilikuwa bado ya moto kichwani. Mimi ni fundi simu hapa Mtwara mjini, jirani na soko. Nilisoma PCM mpaka kidato cha sita, nikaenda VETA kusomea elektroniki, na tangu hapo nikikosa usingizi nasoma makala za maabara kama wenzangu wanavyosoma habari za usajili wa wachezaji. Mama alinisikiliza huku akitwanga kisamvu, akauliza swali moja tu: “Na muhogo?” Nikajibu kwa kifua mbele kwamba ndiyo, hata muhogo, kirusi ni kirusi.

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Shamba lake liko upande wa Nanguruwe, ukishaipita Naliendele. Msimu uliopita aliishiwa mbegu, akachukua mzigo wa pingili kwa jirani, ambaye naye alizipata kwa shemeji yake. Zilikuwa pingili za kutamanisha, nene, macho yamekaribiana, hazina kovu. Zikaota. Majani ya juu yakatoka kijani safi mpaka watu wakawa wanapita kumwomba kisamvu. Alipokuja kuchimba, muhogo wa kwanza alioukata ulikuwa na madoa ya kahawia ndani, makavu kama kizibo cha chupa. Wa pili vilevile. Makopa hayatoki kwenye kitu kama hicho, na ukikichemsha penye doa panabaki pagumu. Hakulalamika. Aliniambia tu nikija Ijumaa nije na unga.

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, na huku pwani ya kusini umezoeleka kiasi kwamba wapo wanaowahi kuchimba mihogo ikiwa bado midogo, kabla haijaanza kuoza. Aliyeuandika mara ya kwanza ni H. H. Storey, mwaka 1936, akiwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga. Mwenzake, batobato, uliandikwa mapema zaidi, mwaka 1894, na Otto Warburg, kutokana na mihogo ya Usambara. Kwa hiyo magonjwa yote mawili yanayomtesa Mama yana vyeti vya kuzaliwa vya nchi hii hii.

Batobato angalau una adabu ya kujionyesha. Jani linajikunja, linapata mabaka kama fulana iliyorukiwa na jiki. Michirizi ni mnafiki. Majani ya juu yanabaki mazuri, yale ya chini yanapata unjano kandokando ya vishipa, na majani ya chini huwa ya njano hata kwa uzee tu, sasa nani atashtuka? Yote mawili huenezwa na nzi weupe, wadudu wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa mmea. Lakini nzi hafiki mbali kama pingili inavyofika. Pingili inapanda basi, inafungwa nyuma ya baiskeli, inatolewa zawadi.

Sasa swali la Mama ni hili, na nilichelewa sana kulielewa: anataka kujua kabla ya kupanda. Ameshika shina lisilo na jani hata moja, la kijivu, limekaa wiki mbili kivulini. Ni zima au ni gonjwa?

Nilishamwekea Nuru kwenye simu, ile programu inayotazama jani kwa kamera na kukwambia kwa Kiswahili inachokiona, hata pasipo intaneti. Ni kazi nzuri na nampigia debe kila mkulima anayekuja kubadilisha kioo. Lakini Nuru inasoma dalili, na shina kavu halina dalili ya kusomwa. Mbegu stahimilivu nazo zinasaidia mavuno huku zikifanya swali liwe gumu zaidi, kwa sababu mmea unaostahimili unaweza kumbeba kirusi kimya kimya bila kuonyesha lolote.

Jibu la uhakika ni kukitafuta kirusi chenyewe. Maabara hutumia PCR, kipimo ambacho jina lake tulilizoea wakati wa korona. Alikibuni Kary Mullis mwaka 1983, na ujanja wake ni kurudufu: unachukua kipande cha DNA, unakipasha moto na kukipooza, kinakuwa viwili, vinne, vinane. Ukirudia mara 30, kipande kimoja kimepita bilioni moja. Ni kipimo kizuri mno, ila kinadai mashine ya kupasha, vimeng'enya vinavyotunzwa kwenye baridi, na mtu aliyefundishwa. Watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, pamoja na wenzao wa nje, waliwahi kubeba mashine ya kusoma vinasaba, ndogo ya kushikika kiganjani, mpaka shambani, wakavitambua virusi vya mihogo wakiwa chini ya mti. Niliposoma hilo nilisimama kidogo. Lakini mashine ile pia inataka maandalizi na vitendanishi ambavyo Mama hatavipata kwenye duka la pembejeo.

Hapo ndipo mirija ya kaboni inapoingia na ahadi yake. Hairudufu chochote, haipaki rangi. Kirusi kinanasa, umeme unabadilika, unasoma. Kwa fundi hiyo ni lugha ya nyumbani.

Niwaeleze kwa penseli. Mteja akija na rimoti ambayo kitufe chake mpaka ukibonyeze kwa hasira, nafungua, nasafisha, kisha napaka penseli laini kwenye vile vipira vyeusi chini ya vitufe. Rimoti inafanya kazi tena kwa muda, mteja analipa, tunaagana. Inafanya kazi kwa sababu kalamu ya risasi haina risasi hata chembe. Ni kinywe kilichochanganywa na udongo, na kinywe ni kaboni inayopitisha umeme. Ndicho hicho hicho kinachochimbwa kule Ruangwa, mkoa wa Lindi. Ukikitazama kwa undani, kinywe ni karatasi za kaboni zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila karatasi ina unene wa atomu moja, na atomu zimeshikana kwa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Penseli inapoandika, karatasi hizo zinateleza na kubaki kwenye daftari.

Chukua karatasi moja tu ya aina hiyo, iviringishe kama mama anavyoviringisha mkeka, ziba maungio. Umepata nanotyubu. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa kampuni ya NEC, Japani, alikuwa anachunguza mabaki kwenye fito ya kinywe iliyopigwa cheche za umeme, akakuta mirija, mmoja ndani ya mwingine. Miaka miwili baadaye yeye na mwenzake, na kundi jingine la IBM kwa upande wao, wakapata mirija yenye ukuta mmoja. Upana wake ni karibu nanomita moja. Unywele wako una karibu 80,000.

Hapo kuna mtu wa Lindi ameshaanza kupiga hesabu ya fedha, kwa hiyo nimkatishe mapema. Siku hizi mirija mingi huoteshwa kwa gesi yenye kaboni, kwa mfano metheni, inayopitishwa juu ya chembe ndogo za chuma kwenye joto kali. Metheni nayo tunayo: gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na sehemu yake kubwa kabisa ni metheni. Yaani kusini tuna kaboni ya kila namna, chini ya mchanga na chini ya bahari. Lakini kihisi kimoja kinatumia mirija kidogo kuliko vumbi linaloganda kwenye feni yangu. Lori halihitajiki hapo. Maneno ya gesi tuliyapata ya kutosha mwaka 2013, siyaongezi.

Kinachoufanya mrija huu uwe mwepesi wa kuhisi ni kwamba hauna ndani. Waya wa shaba una atomu nyingi katikati ambazo hazijui nje kunanyesha au kunawaka. Mrija wa ukuta mmoja kila atomu yake iko barazani. Chochote chenye chaji kikisogea, umeme unaopita unajua. Mwaka 1998 makundi mawili, moja la Delft, Uholanzi, na jingine la IBM, yalionyesha kwamba mrija mmoja unaweza kuwa transista, yaani swichi ndogo inayoongozwa na umeme. Mwaka 2000 kundi la Stanford likaonyesha kwamba ukiupitishia gesi ya amonia au naitrojeni dayoksaidi, umeme unapanda au kushuka.

DNA ina chaji kwa asili yake. Ni uzi wa herufi nne, A, T, G na C, zinazojirudia, na uti wake umejaa fosfeti, kila moja imebeba chaji hasi, herufi kwa herufi. Kwa hiyo unatengeneza chambo: uzi mfupi wa DNA, tuseme herufi 20, uliopangwa uwe mwenza wa kipande cha kirusi unachokitafuta. A hushikana na T, G na C, basi. Unaubandika uzi huo kwenye kihisi. Unamwaga sampuli. Kama kirusi kimo, uzi wake unakuja kushikana na chambo, chaji hasi zinaongezeka jirani na mrija, na mita inasogea. Kirusi cha batobato kinafaa kabisa kwa uvuvi huu, maana vinasaba vyake ni DNA: duara mbili za uzi mmoja mmoja, kila duara kama herufi 2,700 hivi. Mpangilio wake ulisomwa na kuchapishwa tangu mwaka 1983. Kirusi cha michirizi ni cha RNA, ndugu wa DNA, uzi mmoja wa karibu herufi 9,000, na hilo sikulisema siku ya Idi kwa sababu sikuwa nimefika huko. Chambo cha DNA kinaweza kunasa RNA pia, ila RNA inaharibika haraka. Jani likikaa kwenye kopo ndani ya basi lenye joto, kila dakika unapoteza samaki.

Mpaka hapo nilikuwa upande wa Mama. Nikaendelea kusoma, nikakutana na chumvi.

Mtu yeyote anayetengeneza simu Mtwara anaijua chumvi. Simu iliyoanguka kwenye ndoo ya maji ya bomba ina matumaini. Iliyoanguka baharini Mikindani, naipokea kwa uso wa msiba. Kwenye kihisi chumvi inafanya ubaya wa namna nyingine: haili kitu, inaficha. Chembe za chumvi zenye chaji chanya zinakimbilia kuizunguka DNA yenye chaji hasi, kama watu wanaojazana kumtazama aliyegongwa na bodaboda, na aliye nje ya duara haoni tena kilichomo katikati. Kuna umbali ambao chaji inaonekana, na ukiupita huo, imezibwa. Kanuni ni fupi: gawa 0.3 kwa kipeuo cha pili cha kiasi cha chumvi, moli kwa lita, unapata nanomita. Nilikaa nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Kwenye maji ya chumvi ya 0.1, umbali ni karibu nanomita moja. Kwenye maji ya bahari hata nusu nanomita haifiki. Chambo changu cha herufi 20 kikisimama wima kina urefu wa nanomita 6.8, kwa kuwa kila herufi ni 0.34. Yaani samaki amenasa kwenye ndoano na sehemu kubwa ya mwili wake mrija hauioni.

Punguza chumvi, utasema. Nami nilisema hivyo, saa saba usiku, peke yangu. Tatizo ni kwamba nyuzi mbili za DNA zote zina chaji hasi, zinasukumana, na chumvi ndiyo inayozituliza mpaka zikubali kukaa pamoja. Ukiiondoa, zinaachana. Kwa hiyo maabara hufanya kwa zamu: zinashikanishwa kwenye maji yenye chumvi, kisha kihisi kinasuuzwa taratibu na kusomwa kwenye maji yenye chumvi kidogo. Au wanatumia chambo kisicho na chaji, kinachoitwa PNA, walichokibuni watafiti wa Denmark mwaka ule ule wa 1991. Yote mawili yanawezekana. Yote mawili yanahitaji mtu wa kusuuza kwa kipimo, na maji safi kweli kweli, na hapo sijagusa utomvu wa muhogo.

Utomvu wa muhogo! Watu wa makala hizi wanapima DNA iliyotengenezwa maabara, ndani ya maji wanayoyajua. Mimi nina jani. Lisage utapata wanga, protini, rangi ya kijani, na ule ute mweupe unaonata vidoleni mpaka ukanawe kwa mafuta. Kaboni inapenda kunatiwa. Ndiyo maana mkaa unasafisha maji. Mrija wa kaboni hauna uchaguzi, utashikwa na kila anayepita, na umeme utabadilika kwa ajili ya takataka kama unavyobadilika kwa ajili ya kirusi. Wanaupaka kwanza vitu vinavyofanana na sabuni ili usinatiwe ovyo, na inasaidia. Lakini nimeshasugua bodi nyingi mno kwa mswaki na thina ili niamini kwamba usafi ni kazi ndogo.

Halafu kuna jambo lililonichekesha kifundi. Mwaka 2006 kundi moja la Marekani lilitaka kujua umeme unabadilikia wapi hasa DNA inaponasa. Wote tulidhani ni kwenye mwili wa mrija. Wakakuta sehemu kubwa inatokea pale mrija unapokutana na dhahabu ya waya, kwenye maungio. Mimi simu ikiletwa haiwaki, naanza na maungio. Mwalimu wangu wa VETA alikuwa anasema hivyo kila siku na tulikuwa tunamcheka.

Na mirija yenyewe haizaliwi sawa. Ikioteshwa kwa njia ya kawaida, karibu theluthi moja inatoka na tabia ya chuma tupu, inapitisha umeme muda wote bila kujali nani yuko jirani. Katika kihisi hiyo ni shoti. Njia za kuichambua zipo, mojawapo inatumia DNA hiyo hiyo kuizingira mirija ielee kwenye maji, kazi iliyoonyeshwa Marekani mwaka 2003. Hata hivyo vihisi viwili vilivyotengenezwa siku moja vinaweza kusoma tofauti. Kwa mtafiti hilo ni jambo la kuripoti kwa wastani. Kwa Mama mwenye pingili moja mkononi, wastani ni wa nini?

Sisemi kidude hiki hakitakuja. Naamini kitakuja, na nadhani sehemu itakayoamua ni ile isiyoandikwa kwenye vichwa vya habari: kifuko cha plastiki cha kusagia jani, kichujio, tone la maji lililopimwa kiwandani. Ningepewa fedha za utafiti, ningeziweka huko kwanza, na mrija ungesubiri.

Jani nililitazama vizuri mchana, chini ya lenzi ninayotumia kuangalia aisii. Lilikuwa la chini ya mmea, na lilikuwa na unjano kandokando ya vishipa. Inaweza kuwa michirizi. Inaweza kuwa uzee. Jioni nikampigia.

“Umelipima?”

“Nimelitazama tu, Mama.” Nikaanza kumweleza habari ya chumvi.

“Kwa hiyo huwezi.”

“Maabara kubwa wanaweza. Kwenye meza yangu bado.”

Akanyamaza kidogo, akaniambia kwamba yeye alishachomeka pingili tano kwenye mchanga nyuma ya jiko, za mzigo mpya aliopewa, anazimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Ni wiki ya saba. Tatu zina majani mazuri, moja haikuota, na jani nililonalo ni la ile ya tano. Mzigo uliobaki ameshaukatakata kuni.

“Sasa mbona umeniletea?”

“Nilitaka kuona kama mtakubaliana, wewe na kidude chako.” Nikasikia anacheka na mtu pembeni. “Kopo langu mpe konda kesho asubuhi. Usilitie mafuta ya mashine yako, nawekea chumvi.”